Mwanagenzi Afuate Faili, Asifungiwe Afisini: Barua ya Wazi kwa Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu, mwenyekiti wa Baraza, na kwa wanachama wake: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Inspekta Jenerali wa Polisi, Kamishna Jenerali wa Magereza na Mkurugenzi wa Huduma ya Probesheni.

Waheshimiwa,

Kila mwaka vyuo vya Nairobi huwaletea wanafunzi wa sheria, wa ustawi wa jamii, na wa taaluma ya uhalifu na usalama kwa mafunzo ya nyanjani, yale wenyewe wanayoyaita atachimenti. Wengi hupewa wiki kumi na mbili, yaani siku sitini za kazi. Tunawaandikia kwa sababu siku hizo sitini zinapotea, na zinapotea kwa namna inayoweza kurekebishwa bila sheria mpya wala jengo jipya.

Utaratibu wa sasa ni huu. Mwanafunzi analeta barua ya chuo, bima ya ajali na cheti cha tabia njema. Anapangiwa afisi moja. Anaonyeshwa meza, au kona ya meza. Kuanzia hapo anatoa kopi, anapiga mihuri, anapanga faili kwenye rafu, na anatumwa dukani. Wiki ya kumi na mbili anatiliwa sahihi na kuondoka. Hatulalamikii mihuri, sajili ya korti haiendi bila mihuri, na mtu anayejifunza kazi aanzie chini. Tunalalamika kwamba mwanafunzi aliyepiga mihuri miezi mitatu kwenye korti ya Milimani anaondoka hajui ile karatasi ilitoka wapi kabla ya kufika kwake, wala inaelekea wapi. Kazi ya haki ya jinai huharibika zaidi pale karatasi na mtu wanapovuka kutoka kwa idara moja kwenda nyingine, na pale ndipo mwanafunzi hafiki.

Ombi letu ni moja: mwanagenzi apewe faili za kufuata badala ya afisi ya kukaa, na awepo afisa mmoja, kwa jina, anayemjibia.

Tazameni nambari peke yake. Kesi moja ikitoka mtaani hadi gerezani hupita milango mingi, na kila mlango huipa nambari yake. Kituoni hupata nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, yaani nambari ya tukio, siku, mwezi na mwaka. Ukisoma 27/14/5/2024, hilo ni tukio la ishirini na saba la tarehe 14 Mei 2024, kwa kuwa hesabu ya OB huanza upya kila siku. Hati ya mashtaka inapochapwa hubeba nambari ya kesi ya polisi. Ikifika kortini husajiliwa upya, na tangu usajili wa mtandaoni uanze Nairobi Julai 2020, nambari ya korti hutanguliwa na herufi E. Afisi ya mashtaka nayo ina faili yake. Mshtakiwa akishindwa kulipa dhamana akapelekwa rumande, gereza linampa nambari nyingine tena. Sasa mtu aliyeandikwa Wanjiku kwenye OB akiandikwa Wanjiru kwenye waranti ya rumande, siku ya kusikizwa kwa kesi askari jela wanamtafuta mtu asiyekuwa kwenye orodha yao. Basi la magereza linaondoka bila yeye, hakimu anaahirisha, mashahidi wanarudi nyumbani na nauli zao zimeisha. Kosa lilikuwa la herufi moja. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuandika nambari zote za kesi moja kwenye karatasi moja, na kulinganisha majina, tarehe na kosa katika kila hatua, ataliona kosa hilo kwa macho yake, na huenda akawasaidia kulishika mapema.

Kesi za Nairobi hazimaliziki katika wiki kumi na mbili, na kila anayezifahamu korti zetu analijua hilo. Kwa hiyo faili moja haitoshi. Tunapendekeza tatu kwa kila mwanafunzi: moja mbichi, iliyoandikishwa OB wiki hiyo hiyo anayoanza, moja iliyo katikati, mashahidi wanasikizwa, na moja iliyokwisha, yenye hukumu, ambayo anaweza kuisoma mwanzo hadi mwisho bila kumkwamisha mtu. Zote tatu ziwe za makosa ya kawaida yanayojaza korti: wizi, kudhuru mwili, kuvunja nyumba, kuuza pombe bila leseni. Mauaji na ugaidi ziachwe kwa waliokomaa.

Ile mbichi ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi, na inafaa tueleze kwa nini. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha; saa hizo zikiishia nje ya saa za korti au siku isiyo ya korti, basi afikishwe kufikia mwisho wa siku ya korti inayofuata. Darasani kifungu hiki hukaririwa kwa nusu saa. Mkalishe mwanafunzi kwenye korti ya Makadara Jumatatu saa tatu asubuhi na hati kumi za mashtaka, mwambie atafute kwenye kila moja sehemu ya tarehe ya kukamatwa na ile ya kuletwa kortini. Atakuta ya mtu aliyekamatwa Ijumaa jioni, ambaye kuletwa kwake Jumatatu ni halali. Atakuta ya mtu aliyekamatwa Alhamisi asubuhi, na hapo atauliza Ijumaa ilikwenda wapi. Huenda akakuta moja ambayo sehemu ya tarehe imeachwa wazi. Hiyo iliyoachwa wazi ndiyo ya kujadiliwa na msimamizi, maana bila tarehe hakuna anayeweza kuhesabu saa.

Kwenye afisi ya mashtaka kuna zoezi lisilogharimu chochote. Mwongozo wa Uamuzi wa Kushtaki wa 2019 unamtaka mwendesha mashtaka ajiulize mambo mawili: je, ushahidi uliopo unatosha, na je, kushtaki kuna manufaa kwa umma? Mwanafunzi apewe faili iliyokwisha huku uamuzi umefunikwa, aandike ukurasa mmoja wa jibu lake, kisha afunuliwe uamuzi halisi. Ukurasa mmoja, usizidi. Mwanafunzi akiruhusiwa kurasa tano atajificha nyuma ya maneno.

Kwenye probesheni, idara inayochunguza maisha ya mshtakiwa na kusimamia wanaotumikia adhabu nje ya jela, mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa ripoti ya afisa humfikia hakimu na inaweza kumpeleka mtu nyumbani au jela. Chini ya Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998, aliyetenda kosa lenye adhabu isiyozidi miaka mitatu anaweza kupewa kazi ya jamii badala ya kifungo, na hata kwa kosa lenye adhabu kubwa zaidi, iwapo korti inaona miaka mitatu au pungufu ndiyo inayomfaa. Hakimu huamua akiwa na ripoti hiyo mkononi. Afisa husoma faili, humhoji mshtakiwa, huenda kwao, huzungumza na familia, majirani, chifu, mwajiri, na mlalamishi. Mwanafunzi aende naye, asiende peke yake hata siku moja. Aandike ripoti yake ya mazoezi pembeni, na hiyo isiingie kortini kamwe.

Ripoti hiyo ya mazoezi iwe na safu tatu: jambo lililosemwa, aliyelisema, na lilivyothibitishwa. Tunasisitiza safu hizi kwa sababu ya kosa linalojirudia kila muhula. Mwanafunzi anarudi kutoka mtaa wa Mukuru ameandika, «Mshtakiwa ana tabia mbaya mtaani.» Nani kasema? Mwenye ploti. Kwa nini? Anamdai kodi ya miezi miwili. Hiyo ni habari ya deni, na imegeuka kuwa habari ya tabia kwa sababu hapakuwa na safu ya pili. Jambo jingine la ziara hizi: beji ifichwe mfukoni, na maswali yasiulizwe kwenye korido ya ploti. Kuta za mabati husikia. Mtu ambaye kesi yake bado haijaamuliwa akigunduliwa na majirani kwa sababu ya beji ya mwanafunzi, sisi tutakuwa tumemhukumu kabla ya hakimu.

Yapo mambo ambayo mwanafunzi hapaswi kuyagusa, na tunaomba yaandikwe, yatiwe sahihi siku ya kwanza na yabandikwe ukutani, kwa kuwa kwa sasa kila afisi ina desturi yake.

La kwanza ni vielelezo, yaani vitu vinavyotolewa kortini kama ushahidi. Kila mkono ulioshika kielelezo unapaswa kuelezwa kortini. Hutokea bahasha iliyofungwa kwa lakiri ikahitajika kwa Mkemia wa Serikali, dereva hayupo, mwanafunzi yupo na ana nguvu. Anatumwa. Anatia sahihi ya kupokea, anatia ya kukabidhi, na kuanzia hapo jina lake limo katika mlolongo wa ushahidi. Miaka miwili baadaye wakili wa utetezi anauliza ni nani huyu. Amemaliza chuo, amebadilisha nambari ya simu, yuko Mombasa au Doha. Kesi nzuri inapata tundu lisilozibika, na aliyemtuma hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

La pili ni kukiri. Chini ya Sheria ya Ushahidi, kukiri kosa kunakubalika tu mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria hiyo ambaye hapelelezi kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Mwanafunzi kijana, mpole, aliyeketi karibu na seli, huzungumzishwa. Mshukiwa akianza, «Unajua, mimi usiku ule…» mwanafunzi amkatize kwa adabu na kumwita afisa. Wala asifanywe yeye huyo mtu wa tatu kwa kuwa yupo karibu. Anayechagua ni mshukiwa.

Taarifa za mashahidi aandike afisa mwenyewe. Na tafsiri kortini pia si kazi ya mwanagenzi, hata kama anakijua Kikamba au Kisomali kuliko wote waliopo. Mshtakiwa ana haki ya mkalimani kwa mujibu wa Kifungu cha 50, naye mkalimani huapishwa. Neno moja likipotoshwa rufaa inaanzia hapo.

Kesi za watoto zina mpaka wake. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai hadi miaka 12, na kuthibitisha umri ni somo kubwa kwa mwanafunzi. Lakini kikao chenyewe hakiko wazi kwa umma, na ruhusa ya hakimu itafutwe kabla, siyo mlangoni.

Kuhusu simu, tunaomba msimamo mmoja kwa idara zote. Picha ya hati ya mashtaka iliyopigwa «ili nisome jioni» hukaa kwenye simu pamoja na jina, makao na kosa la mtu, na simu za Nairobi huibwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu wanafunzi kama inavyowahusu maafisa. Mwanafunzi aandike kwa mkono, daftarini, daftari libaki afisini. Ripoti ya chuo isitaje jina wala nambari ya kesi, na msimamizi aisome kabla haijatoka.

Rumandeni simu huachwa langoni, lakini mtego wa gereza la rumande la Industrial Area hauhitaji simu. Mahabusu humnyooshea mwanafunzi kipande cha karatasi chenye nambari kumi na kumwambia, «Dadangu, nipigie tu mama, umwambie niko hapa.» Mara nyingi ni mama kweli, na mama kweli hajui mwanawe aliko. Mara nyingine ni shahidi. Mwanafunzi hana namna ya kujua, na moyo wake mwema ndio unaotumika. Afundishwe la kufanya, kwa sababu kumkataza tu hakutoshi: asipokee karatasi, ataje jina la mahabusu kwa afisa wa ustawi wa gereza mbele ya huyo mahabusu, aandike saa kwenye daftari lake, na kesho yake aulize kama mama amepigiwa. Hilo la kuuliza kesho yake lisisahauliwe. Hapo ndipo mahabusu anajua kwamba alisikizwa.

Vilevile mwanafunzi aliyeketi sajilini anafanana na karani. Jamaa za washtakiwa humwendea na noti iliyokunjwa ili «faili ionekane». Hajalipwa, hajala, na nauli ya jioni hana. Beji ya rangi tofauti yenye neno MWANAGENZI kwa herufi kubwa ingemwokoa yeye na ingewaokoa wao. Na nauli yenyewe ihesabiwe: siku sitini ni safari mia moja na ishirini, kwa anayebadilisha matatu mjini akitoka Githurai kwenda Kibera, ni nauli mia mbili na arubaini. Kama posho haipo, basi angalau anayeishi Umoja apelekwe Makadara, na wa Kawangware apelekwe Kibera. Kwa sasa mara nyingi huwa kinyume, kwa sababu hakuna anayeuliza mtu analala wapi.

Sasa tuje kwa msimamizi, maana bila yeye haya yote ni karatasi. Tunaomba wanafunzi wasizidi watatu kwa kila afisa. Tunaomba saa moja kila wiki, Ijumaa alasiri korti zikitulia, mlango umefungwa, daftari liko mezani. Tunajua kwa nini haifanyiki: afisa ana mafaili yake, na muda anaompa mwanafunzi hauhesabiwi popote. Uwekwe kwenye kandarasi yake ya utendakazi, uhesabiwe kama kazi, kwa sababu ni kazi.

Katika saa hiyo daftari lisomwe, siyo kutiwa sahihi kwa mkupuo mwishoni mwa mwezi. «Nilisaidia afisini» haisemi chochote. Ingizo la kufaa ni kama hili: «Saa 3:20 asubuhi. Nilisoma hati nne za mashtaka. Ya tatu haina tarehe ya kukamatwa. Nilimwonyesha msimamizi. Akanieleza kwamba karani huchapa kutoka kwenye OB, na OB ilikuwa na saa bila tarehe kwa kuwa ukurasa uligeuzwa usiku wa manane. Sijaelewa: nani anapaswa kurekebisha, polisi au mwendesha mashtaka?» Swali la mwisho ndilo linaloonyesha kwamba mtu anajifunza.

Saa hiyo ina kazi nyingine pia. Faili za unajisi na picha za maiti zinawaingia vijana hawa kuliko wanavyosema. Zisitolewe wiki mbili za kwanza, zisisomwe mtu akiwa peke yake, na anayeomba kupumzishwa asipunguziwe alama.

Na mwanafunzi akiona mtu anapigwa selini? Tunauliza wazi, kwa sababu kwa sasa anayempa alama ndiye huyo huyo anayepaswa kupelekewa malalamiko. Mwanafunzi hunyamaza, na anajifunza kunyamaza kabla hajajifunza sheria. Karatasi ya siku ya kwanza iwe na nambari ya mtu nje ya kituo chake, chuoni, pamoja na maelekezo ya kufika IPOA, mamlaka huru inayopokea malalamiko dhidi ya polisi, na alama zake zitolewe na msimamizi mwingine pindi anapopeleka malalamiko.

Sisi wa vyuo tuna deni letu. Mhadhiri huja mara moja, anakaa dakika kumi na tano, anaulizia kama kijana ana nidhamu, anatia sahihi. Tuje mara tatu: wiki ya pili, ya sita na ya kumi na moja, na kila mara tuombe kuona faili tatu na daftari. Pia tunawaleta wote kwa mkupuo kati ya Mei na Agosti. Likizo ya Mahakama Kuu huanza Agosti 1 hadi Septemba 15, kwa hiyo anayepangiwa kitengo cha jinai cha Mahakama Kuu mwezi wa Julai hukuta kumenyamaza akiwa nusu ya safari. Huyo angepelekwa korti za mahakimu, ambako kazi huendelea. Tuko tayari kuwagawa wanafunzi katika mihula mitatu ya mwaka ikiwa mtatupa nafasi hizo.

Tunachowaomba Baraza kufanya kwanza ni kidogo: mlango mmoja wa maombi. Cheti cha tabia njema kimoja, kiapo kimoja cha siri na bima moja zikubaliwe na polisi, mashtaka, korti, probesheni na magereza, ili faili ikivuka mwanafunzi avuke nayo bila kuanza upya. Kamati za Watumiaji wa Mahakama za Milimani, Makadara na Kibera hukutanisha idara hizo zote tayari. Moja kati ya hizo ikijaribu na wanafunzi kumi na wawili na wasimamizi wanne muhula ujao, tutajua panapovuja kabla ya kufika mbali.

Karatasi ya siku ya kwanza, jedwali la nambari na fomu ya safu tatu tumekwisha kuziandaa kwa Kiswahili na Kiingereza. Ni kurasa nne kwa jumla. Tutazileta siku mtakayotuita.

Wenu katika kazi,
Wahadhiri na wasimamizi wa mafunzo ya nyanjani, Nairobi